Pumzi ya Mtoto na Breki ya Moyo

Kupumua huendeshwa na shina la ubongo usiku na mchana, mtu awe macho au usingizini. Hata hivyo, tofauti na mapigo ya moyo au kazi ya figo, pumzi hukubali kuamriwa: mwenye nayo anaweza kuiharakisha, kuipunguza au kuizuia kidogo. Mazoezi ya kumtuliza mtoto kwa pumzi yanategemea nafasi hiyo ndogo ambayo mwili umeiacha wazi.

Mtu anapovuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo, anapoitoa, hupunguza. Badiliko hilo lilirekodiwa na Mjerumani Carl Ludwig mwaka 1847. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikateremka shingoni na kufika kwenye moyo, mapafu na utumbo. Neva hii ni kama breki ya moyo: hulegea wakati wa kuvuta hewa na kukaza wakati wa kuitoa. Pumzi inayotolewa polepole huupa moyo muda mrefu zaidi chini ya breki. Kwa hiyo mtoto anayeambiwa tu "vuta pumzi ndefu" amepewa nusu ya maelekezo, na iliyoachwa ndiyo nusu yenye nguvu.

Kwa watoto wadogo jambo hili limepimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakiongozwa na Jelena Obradović, walichapisha matokeo ya watoto 342 wenye umri wa takriban miaka saba. Kundi moja lilitazama video ya dakika moja ya michoro, iliyowaongoza kuvuta na kutoa pumzi chache taratibu kwa kujifanya wananusa ua kisha wanazima mshumaa. Kundi la pili lilitazama video isiyo na zoezi lolote. Vipimo vya moyo vilionyesha kwamba waliopumua walitulia zaidi. Kinachoupa utafiti huu uzito ni mahali ulipofanyika: kwenye viwanja vya michezo, kambi za mchana na makumbusho ya watoto, penye kelele na pilikapilika kama zile za nyumbani au shuleni.

Mtoto hawezi kufuata hesabu za watu wazima. Mkubwa aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika; mtoto wa miaka minne anaweza kufika 30. Kumlazimisha apumue mara sita kwa dakika, kama mazoezi mengi ya wakubwa yanavyotaka, kunaweza kumfanya ahisi kukosa hewa na kuchoka. Mchezo humfaa zaidi ya hesabu. Uji wa moto ni mwalimu mzuri, kwa kuwa mtoto aliyekulia Afrika Mashariki anaujua tangu anaachishwa ziwa. Anakunja viganja kama kikombe, ananusa harufu ya uji kwa pua, kisha anaupuliza taratibu ili upoe bila kumwagika. Hapo pumzi inayotoka inakuwa ndefu yenyewe. Mapovu ya sabuni hufundisha jambo lilelile kwa ukali zaidi: anayepuliza kwa pupa hupasua povu, anayepuliza polepole huliona likikua. Mtoto aliyelala chali na mwanasesere tumboni hujaribu kumpandisha na kumshusha, na hivyo hutumia kiwambo, yaani msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, badala ya kuinua mabega. Na asiye na kifaa chochote ana vidole: hupanda kila kidole kwa ncha ya kidole cha mkono wa pili akivuta hewa, hushuka akiitoa.

Michezo hii hufundishwa mtoto akiwa ametulia, labda kabla ya kulala au somo linapoanza. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na mtoto aliyekwisha kujitupa chini kwa kilio hawezi kujifunza jambo jipya. Anachoweza ni kuiga alichokizoea, hasa mkubwa akikaa karibu naye na kupumua hivyo yeye mwenyewe.

Kutuliza mwili kwa dakika chache ni tofauti na kozi ndefu za umakini zinazotarajiwa kuzuia huzuni na wasiwasi. Mradi mkubwa wa Uingereza, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari na kutoa matokeo mwaka 2022, haukuona masomo hayo yakishinda mafunzo ya kawaida ya shule. Wanafunzi hao walikuwa wakubwa kuliko watoto wa chekechea, lakini matokeo hayo yanatosha kuwatahadharisha walimu wasiyatwike mazoezi ya pumzi mzigo yasiyoweza kuubeba.

Pumzi tatu hadi tano zinatosha kwa mara moja. Kupuliza kwa nguvu na haraka hupunguza kabonidioksaidi mwilini, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, na mtoto hushikwa na kizunguzungu. Akilalamika, zoezi lisimame apumue atakavyo. Kuzuia pumzi hakuna sababu katika umri huu. Mtoto mwenye pumu anayebanwa kifua anahitaji dawa yake ya kuvuta mara moja, na asipopata nafuu, apelekwe hospitali.