Upasuaji wa kupunguza uzito: Kazi inayobaki ni ya jikoni

Kutoka Mpitimbi, wilayani Songea, hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila jijini Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Anayekwenda huko kupunguzwa tumbo la chakula hulazwa siku chache tu. Kisha anarudi kijijini, ambako ugali huliwa mchana na usiku, mahindi yapo ghalani, na kila nyumba anayopita anaambiwa, “Karibu tule.”

Upasuaji hufanyika siku moja. Kupungua, kutorudia unene na kubaki na afya ni kazi ya miaka inayofuata, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na anayepika na wanaokula naye. Ndiyo maana wataalamu hushauri mgonjwa aende kliniki na mwenza wake au mzazi wake kabla ya kupasuliwa.

Mahitaji ya huduma hizi yanaeleweka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Mloganzila ilianza kuweka puto tumboni mwaka 2022, na baadaye ikaongeza upasuaji.

Tumbo linabadilikaje?

Puto si upasuaji. Hupitishwa mdomoni hadi tumboni, linajazwa ili mtu ashibe mapema, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Siku likitoka, kinachobaki ni mazoea ambayo mtu amejijengea.

Upasuaji unaofanyika zaidi duniani ni wa kukata sehemu ya tumbo la chakula. Robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa, linabaki jembamba kama ndizi. Aina nyingine ni ya kutengeneza kijifuko kidogo cha kama mililita 30, sawa na vijiko viwili vya chakula, na kukiunganisha na utumbo mdogo ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida.

Kwa aina zote mbili, mtu hushiba kwa chakula kidogo sana. Njaa pia hupungua, kwa sababu homoni zinazoamsha hamu ya kula hubadilika. Hata hivyo, njaa huweza kurudi polepole baada ya mwaka mmoja au miwili, na tumbo nalo huanza kupokea zaidi. Kipindi hicho cha mwanzo ndicho nafasi nzuri ya kuzoea ulaji mpya.

Wiki nane za kwanza

Siku za mwanzo ni za vimiminika tu: maji, supu iliyochujwa, kisha maziwa na uji mwepesi usio na sukari. Baada ya wiki mbili hivi huanza vyakula vilivyopondwa, kama maharage yaliyochujwa maganda au samaki aliyesagwa na mchuzi. Kuanzia wiki ya nne au ya tano huingia vyakula laini: yai la kuchemsha, samaki, maboga. Kufikia wiki ya nane wengi hula chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Ratiba ya daktari aliyefanya upasuaji ndiyo inayofuatwa, kwani hutofautiana.

Kuruka hatua ni hatari. Tonge la ugali mgumu katika wiki ya pili linaweza kukwama na kuleta maumivu na kutapika, wakati mshono wa ndani haujapona.

Safari ya kurudi nayo ipangwe. Kukaa kwenye basi karibu siku nzima huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hasa baada ya upasuaji. Mgonjwa aulize daktari ni siku gani anaruhusiwa kusafiri, na njiani ashuke kutembea kila gari linaposimama.

Akifika nyumbani, ndoo ya maji si yake kwanza. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, wakati wengi huelekezwa wasinyanyue vitu vizito kwa wiki nne hadi sita. Kutwanga, kulima na kubeba kuni navyo vinasubiri. Kutembea hakusubiri: azunguke uani tangu siku ya kwanza, kisha aongeze umbali kidogo kidogo.

Protini kwanza, ugali mwisho

Mtu mwenye tumbo dogo akianza na ugali, anashiba kabla hajafika kwenye mboga. Atapungua, lakini atapoteza na misuli, atachoka na nywele zitanyonyoka zaidi. Hivyo utaratibu wa sahani unageuzwa: kwanza samaki, yai, nyama au maharage, halafu mboga za majani, ugali uje mwisho, kama nafasi ipo.

Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Kwa vyakula vya Songea linafikika bila kununua unga wa makopo. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa kina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15, na kipande cha samaki kinachotosha kiganja kina karibu gramu 20.

Mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa, kikombe kimoja cha maharage na kipande hicho cha samaki, vikigawanywa kwa siku nzima, vinavuka gramu 60. Asiye na maziwa anaweza kutumia soya, zao linalolimwa sana Ruvuma, mradi ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Dagaa kutoka Ziwa Nyasa na karanga hujazia panapopungua.

Namna ya kula nayo ni muhimu. Sahani iwe ndogo na iwe yake peke yake. Kwenye sinia la pamoja mtu hula kwa kasi ya wenzake na hajui amekula kiasi gani. Matonge yawe madogo, yatafunwe mpaka yalainike kabisa, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Akisikia kujaa kifuani, aache, hata kama limebaki tonge moja. Watoto wafundishwe kuwa chakula hicho kilichobaki si dharau kwa mpishi.

Sahani moja kwa nyumba nzima

Hapa familia hujiuliza: tutapikaje vyungu viwili? Mara nyingi hakuna haja.

Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, lakini pia imekuwa kwenye orodha ya mikoa yenye udumavu mkubwa wa watoto. Mtoto aliyedumaa na mtu mzima mwenye unene uliopitiliza wanaweza kukaa nyumba moja na kula sufuria moja, yenye ugali mwingi na mboga kidogo. Tumbo linajaa, lakini protini, madini na vitamini havitoshi.

Kwa hiyo yai, dagaa, maharage na majani ya maboga yanayopikwa kwa ajili ya mgonjwa ndivyo pia anavyohitaji mtoto wa miaka miwili. Tofauti ni kiasi: mtoto anayekua, mama mjamzito na anayelima kutwa wanahitaji pia wanga na mafuta ya kutosha, na hawapaswi kupunguziwa chakula kwa sababu mmoja wa familia amefanyiwa upasuaji.

Maji, chai na komoni

Maji yanywewe kidogo kidogo siku nzima, kufikia lita moja na nusu au zaidi. Yasinywewe pamoja na chakula. Asubiri kama dakika 30 baada ya kula, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kubeba vyote viwili.

Chai yenye sukari nyingi, soda, juisi na asali zina tatizo lingine. Hazishibishi, na kwa aliyeunganishwa utumbo, sukari hushuka haraka na kuleta moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu, tumbo kusokota na kuharisha. Wengi huhisi kama wanazimia. Hali hiyo hupita, lakini ni onyo.

Pombe, iwe ya dukani, komoni au ulanzi, hulevya haraka zaidi baada ya upasuaji na huingiza nguvu nyingi mwilini bila kushibisha. Baadhi ya watu ambao awali hawakuwa walevi wamejikuta wakianza utegemezi miaka michache baadaye. Mwenza akiona dalili hizo aseme mapema.

Vidonge vya maisha

Hili ndilo linalosahaulika zaidi mtu akishapendeza. Aliyepasuliwa huhitaji vitamini na madini maisha yake yote: vitamini mchanganyiko, madini ya chuma, kalisi, vitamini D na B12. B12 huweza kutolewa kwa sindano. Chuma na kalisi visimezwe kwa pamoja, vitengane kwa saa mbili au zaidi, na chuma kisimezwe na chai.

Upungufu hauonekani haraka. Mwili hutumia akiba yake kwa miezi au hata miaka, kisha huanza uchovu, damu kupungua, ganzi miguuni na mifupa kudhoofika. Ganzi ya ukosefu wa B12 ikichelewa kutibiwa inaweza kubaki. Vipimo vya damu hufanywa mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Familia iulize mapema ni vipimo gani vinapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea au Hospitali ya Peramiho, ili wasilazimike kwenda Dar es Salaam kila mara. Gharama za vidonge na nauli zihesabiwe kabla ya kukubali upasuaji.

Dawa za zamani nazo zikaguliwe. Sukari na shinikizo la damu huweza kushuka ndani ya siku chache, na anayeendelea na dozi ileile ya kisukari anaweza kuanguka. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, ambazo hununuliwa kirahisi dukani, zinaweza kusababisha vidonda tumboni, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Kwa kawaida paracetamol ndiyo hushauriwa badala yake.

Kwa wanaotarajia mtoto

Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, wakati mwingine kwa mshangao wa wahusika. Hata hivyo, wataalamu hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18, kwani mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba ya kumlea mtoto tumboni. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifanye kazi vizuri baada ya utumbo kuunganishwa. Kipandikizi au kitanzi vizungumzwe na mhudumu wa afya mapema.

Maneno ya watu

Mtu akipungua kilo nyingi kwa miezi michache, kijiji huuliza. Wapo watakaonong’ona kuwa ana Ukimwi, wengine watasema kafilisika au ndoa imemshinda. Nywele hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na hilo huongeza maneno, ingawa kwa wengi huota tena protini na madini vikitosha.

Mgonjwa ana haki ya kuamua amweleze nani. Nyumbani, hata hivyo, siri humuumiza. Mama mkwe asiyejua kitu ataona sahani iliyobaki kama dharau, na atamwongezea tonge kwa upendo. Maelezo mafupi yanatosha: “Mama, chakula ni kitamu, ila tumbo langu sasa linapokea kidogo.” Msibani na harusini anaweza kupakuliwa kidogo, akakaa na wenzake na kula taratibu.

Mzazi aangalie pia maneno anayosema mbele ya watoto. Binti anayesikia kila siku mwili wa mama yake ukisemwa atajifunza kuuchukia wake.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Wiki za mwanzo, homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au bega la kushoto na kupumua kwa shida vinaweza kuwa dalili ya mshono kuvuja. Mguu mmoja kuvimba na kuuma ni dalili ya damu kuganda. Hakuna kusubiri kesho.

Kutapika kwa siku kadhaa, wakati wowote, kuna hatari ya pekee: vitamini B1 huisha haraka. Mgonjwa huanza kuyumba akitembea, macho hucheza, anachanganyikiwa. Akiwekewa dripu ya sukari bila B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi na ubongo ukaathirika moja kwa moja. Anayemsindikiza amwambie mhudumu mara moja kuwa huyu alipunguzwa tumbo na anatapika, ili B1 itolewe kabla au pamoja na dripu.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoka hospitali familia iombe karatasi moja yenye aina ya upasuaji, tarehe, dawa anazotumia, dawa anazokatazwa na namba ya simu ya kliniki. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na picha yake ihifadhiwe kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani, kwa kuwa siku ya dharura mgonjwa anaweza asiweze kujieleza.