Waranti ya kuuziwa na waranti ya kupewa

Msimu wa kahawa ukishafungwa na vyama vya msingi vikalipa, simu za madalali wa magari Kayanga na Omurushaka, wilayani Karagwe, hazitulii. Mkulima aliyevuna vizuri, mwalimu aliyepata mkopo wa benki, kijana aliyechangiwa na kaka zake, wote wanaulizia magari yale yale: Probox, Noah, IST, ya mkononi, bei ya kuongea. Wasiopata la kuwaridhisha hapa hupiga simu mbali zaidi, Mwanza na Dar es Salaam, na huko mara nyingine huambiwa jambo ambalo dalali wa Omurushaka hana: ongeza kiasi fulani, gari lije na waranti ya miezi sita au mwaka.

Kwa mtu anayetaka kuweka akiba yake yote kwenye chombo kilichokwisha kutembea miaka kumi na zaidi Japani, ahadi hiyo inavutia, na hakuna sababu ya kumcheka. Anachohitaji ni kujua ananunua nini. Kwa maoni yangu, waranti nyingi za aina hiyo hazimfai mtu wa Bweranyange, na wakati huo huo ipo waranti nyingine, isiyotangazwa popote, ambayo anaweza kuidai na kuipata bila kuongeza hata shilingi.

Tuanze na mahali penyewe. Bweranyange ndiko yalikokuwa makao ya watawala wa Karagwe; wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walimkuta huko Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Leo lami ya Kyaka hadi Bugene imekirahisisha sana kipande cha safari ya Bukoba, lakini ukiiacha barabara kuu unaingia kwenye udongo mwekundu, vilima na makorongo. Kiangazi vumbi linajaza kichujio cha hewa. Masika na vuli matope yanashika bampa. Gari likifika huko halikai kusubiri safari ya Jumapili kanisani. Asubuhi linabeba abiria, mchana mikungu ya ndizi, jioni magunia ya kahawa, na kiti cha mbele wanakaa wawili.

Sasa usome karatasi ya waranti ukiwa na picha hiyo kichwani. Kifungu cha kwanza cha kutafuta ni cha matumizi. Waranti za magari yaliyotumika kwa kawaida hazilipi chochote gari likifanya biashara ya abiria au mizigo, au likizidishiwa uzito. Mchomoko, yaani gari dogo la abiria, wa kutoka Omurushaka unavunja sharti hilo kabla haujafika kituo cha kwanza. Kifungu kinachofuata ni cha sevisi: ifanyike kwenye gereji iliyotajwa, kila baada ya kilomita kadhaa, na risiti zitunzwe. Ukimwaga oili kwa fundi wa Kayanga, hata akiwa fundi hodari kuliko wote mkoani, umempa mwenye waranti sababu ya kukukatalia. Halafu kuna orodha ya vifaa. Injini na gia boksi vinaweza kuandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo vikatolewa vyote vinavyolika kwa matumizi: klachi, breki, shokapu, bushi, beringi, betri, mipira. Vifaa hivyo ndivyo vinavyoliwa na barabara zetu.

Twende kwenye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuseme umelipa shilingi 600,000 kwa waranti ya mwaka mmoja. Gia boksi inakufa, na matengenezo yanahitaji 1,800,000. Mkataba unasema kikomo cha kila dai ni 1,000,000, na humo inakatwa 150,000 unayotanguliza wewe. Utalipwa 850,000. Ukitoa ulichokwisha lipia waranti, umesaidiwa 250,000. Lakini gereji iliyotajwa iko Mwanza. Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, ila halijaondoa gharama ya bredaun kutoka Bweranyange hadi Mwanza, na waranti nyingi hazilipi kuvuta gari. Ile 250,000 itaishia njiani. Na huo ni mfano wa mtu aliyeharibikiwa na kifaa kikubwa na akalipwa bila ubishi.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika, makala ambayo baadaye ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2001. Hoja yake mtu wa Omurushaka anaijua kwa kuiishi. Muuzaji anajua siri za gari, mnunuzi hazijui. Kwa kuwa mnunuzi anaogopa, anatoa bei ya gari bovu hata kwa gari zima. Mwenye gari zima anaona hasara na kuliondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu. Akerlof alitaja dhamana ya muuzaji kuwa mojawapo ya njia za kupunguza tatizo hilo, kwa sababu inaihamisha hatari kutoka kwa asiyejua kwenda kwa anayejua.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka msomaji aishike. Muuzaji anayekubali kwa maandishi kwamba gia boksi ikifa ndani ya siku 60 atalipa kutoka mfukoni mwake, amekuambia jambo kuhusu hilo gari, maana hakuna mtu anayejifunga kulipia kitu anachojua kinakufa. Muuzaji anayekuuzia waranti ya kampuni nyingine hajakuambia lolote. Gari likiharibika hatoi kitu yeye, na huenda alikwisha chukua kamisheni siku ile ile uliyolipa.

Wamarekani, ambao biashara hii kwao ni kubwa kuliko kwetu, wamekwisha kuumia nayo. Julai 2024 kampuni ya CarShield, iliyotangazwa sana kwenye televisheni kwa kutumia watu maarufu, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza malalamiko ya Tume ya Biashara ya serikali yao kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja. Watu walilipa kila mwezi wakiamini matengenezo yote yamegharimiwa, kisha wakafika gereji na kuambiwa hiki hakimo. Ikiwa mtu mwenye gereji kila mtaa na tume ya kumtetea alipata shida hiyo, mkulima wa kando ya mto Kagera ana haki ya kuuliza maswali mengi kabla ya kutuma pesa.

Wapo wanaodhani bima kubwa itawaokoa. Haitawaokoa. Bima kubwa inalipa ajali, moto na wizi, na bima ndogo ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari inalipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Injini iliyochoka yenyewe haimo katika bima hizo. Vilevile ukaguzi wa Shirika la Viwango (TBS) kwa magari yaliyotumika yanayoagizwa nje unaangalia usalama na ubora wa gari siku hiyo. Cheti chake hakiahidi umri wa gia boksi, na muuzaji anayekitumia kama waranti anakipa uzito ambao hakina.

Sheria yetu nayo inasaidia, kwa kiasi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaouzika, na kama umemweleza unakitakia nini na ukategemea utaalamu wake, kiwe kinafaa kwa kazi hiyo. Mwenye yadi anaingia hapo. Jirani anayeuza gari lake moja ili alipe ada ya mtoto haingii. Kwake ni mnunuzi kujihadhari mwenyewe, labda awe amekudanganya. Na kasoro ambayo ungeiona ulipolikagua gari, huwezi kuidai baadaye. Sheria hiyo pia inatenganisha masharti ya msingi ya mkataba na dhamana ya kawaida. Likivunjwa sharti la msingi unaweza kulikataa gari. Ikivunjwa dhamana unadai fidia tu, gari linabaki lako. Kwa hiyo ukitaka haki ya kulirudisha, iandikwe hivyo waziwazi.

Kuandika ndilo jambo linalotushinda. Mauziano mengi ya magari huku ni karatasi moja: majina, namba ya gari, bei, saini za mashahidi, muhuri wa mtendaji. Yale yote yaliyosemwa chini ya mti hayamo.

"Waitu, hii injini haijafunguliwa tangu itoke Japani. Wewe ni kuwasha tu."

"Sawa kaka yangu. Basi tuyaandike hayo hayo."

Jibu la dalali au la mwenye gari baada ya sentensi hiyo ya pili lina thamani kuliko waranti ya kulipia. Asiyeogopa ataandika. Anayeanza kusema "mzee wangu, kwani huniamini?" amekwisha jibu.

Kinachoandikwa kiwe kidogo na kinachopimika. Namba ya injini na ya chesisi, kilomita zilizosomeka siku ya mauzo, kisha ahadi yenyewe: injini na gia boksi, siku 60 au 90, gari likiwa kwenye kazi yake ya kawaida ya kubeba abiria na mizigo katika barabara za Karagwe na Kyerwa. Maneno hayo ya mwisho yasikosekane, maana ndiyo yanayomzuia muuzaji kuja kusema uliliua kwa kazi. Itajwe gereji mnayoiamini wote wawili, iwe Kayanga au Bukoba, na nani analipa kuvuta. Kisha bakaa. Badala ya kulipa milioni 14 zote, lipa 13 na milioni moja ikae kwa mtu anayeheshimiwa na pande zote, au kwa wakili, hadi siku zile ziishe. Muuzaji mkweli atapata pesa yake kamili, amecheleweshewa tu. Akigoma kabisa, punguza bei kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu hatari yote umeibeba wewe.

Hayo hayafuti ukaguzi. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiwe wa dalali, na mwende asubuhi injini ikiwa baridi. Ukikuta gari limekwisha pashwa moto, rudi kesho. Washa swichi bila kuwasha gari, uangalie taa ya injini kwenye dashibodi: isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ili isimseme. Ukilikuta tope la rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, uliza habari za gasketi ya silinda hedi. Kwa gari la otomatiki lenye kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, kichomoe na ukifute kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Oili nzuri inaacha doa jekundu au la hudhurungi nyepesi, halina harufu ya kuungua. Ikiacha weusi wenye harufu ya kuungua na chembe zinazong'aa, mazungumzo ya waranti yamekwisha hapo hapo. Kama gari limeagizwa Japani karibuni, omba karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa. Herufi R ni lililowahi kuumia na kutengenezwa.

Na ile 600,000 ya waranti? Ukiwa nayo, iweke kwenye SACCOS kwa jina la gari, uiongezee kidogo kila mwezi kutoka nauli. Gari lisipoharibika pesa ni yako, na likiharibika fundi unamchagua mwenyewe.

Ningependa pia halmashauri za Karagwe na Kyerwa zisaidie. Ofisi za kata na vijiji tayari zinagonga mihuri kwenye mauziano ya mashamba, pikipiki na magari. Fomu moja ya Kiswahili ya kuuziana chombo cha moto, iliyopitiwa na mwanasheria wa halmashauri, ingegharimu karatasi tu. Iwe na nafasi ya kujaza kilomita, kasoro zinazojulikana, siku za dhamana, kiasi cha bakaa na jina la anayeishika, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuhamisha kadi kwenda jina la mnunuzi. Muuzaji asiyetaka kutoa dhamana yoyote aandike "hakuna" kwa mkono wake, na mnunuzi aisome kabla ya kuhesabu noti.