Fahamu: Lori likisababisha ajali, dereva analipa?

Malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam huingia Rwanda kupitia Rusumo, kisha hukabili milima hadi Kigali. Breki zikifeli mteremkoni na gari la mtu likapondwa, nani alipe? Dekreti ya mwaka 1888 iliyorithiwa na Rwanda, katika kifungu cha 260, ilimbebesha mwajiri madhara yanayosababishwa na mtumishi aliye kazini. Naona hiyo ni haki: mwenye lori ndiye anayekula faida ya safari, hupanga ratiba, hununua matairi na bima.

Wapo wasemao dereva asipolipa atazembea. Lakini kesi ya jinai ni yake mwenyewe, na leseni na ajira pia zimo hatarini. Kumtwisha na bei ya lori ni kumfilisi kwa pedi za breki ambazo tajiri hakubadilisha. Hata kwa dereva aliyeajiriwa Tanzania, sheria ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu makato ya hasara pale tu kosa ni la mfanyakazi, naye apewe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira.