Hesabu iliyokosea kuhusu Machakos

Je, mtoto wako amewahi kusukuma kando daftari la hesabu na kuuliza, "Haya yatanisaidia nini maishani?" Akiuliza tena, msimulie habari za Machakos.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimechakaa. Mvua iliponyesha, udongo ulichukuliwa na maji, na makorongo yakakata mashamba. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika kwamba nchi hiyo ilikuwa ikielekea kuwa jangwa.

Hesabu ya wakubwa wa wakati huo ilikuwa nyepesi: watu wanaongezeka, mifugo ni mingi, ardhi haiongezeki, basi maangamizi yaja. Kwa hesabu hiyo watu walianza kunyang'anywa ng'ombe. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga.

Je, maangamizi yalikuja?

Mwaka 1932 wilaya hiyo, ambayo wakati huo ilijumuisha na Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000. Sensa ya 1989 ilihesabu karibu 1,400,000. Hiyo ni karibu mara sita! Lakini mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichowashangaza wengi. Walikuwa wamelinganisha sensa, mvua, mazao, bei na picha zilizopigwa kutoka angani, za miaka ipatayo 60. Wakaona kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, na thamani ya mazao kwa kila mtu imeongezeka.

Hesabu ya kwanza ilikosea wapi? Ilisahau kwamba binadamu hubadili mwenendo. Akina mama wa vikundi vya mwethya walishika majembe wakachimba matuta ya "fanya juu", yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu. Waliofanya kazi Nairobi na Mombasa walituma pesa nyumbani. Kahawa ikapandwa, na soko la mjini likanunua matunda na mboga.

Hiyo ndiyo kazi ya wataalamu wa takwimu. Wao huchora kielelezo cha maisha kwa namba, ili waone jambo gani linasukuma lingine. Kielelezo kikiacha jambo kubwa, jibu litapotoka hata kama kujumlisha kumefanywa sawasawa.

Lakini usishangilie upesi. Mwaka 1999 mtafiti John Murton, aliyechunguza familia moja moja huko huko Machakos, alionyesha kwamba pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho lilikuwa likipanuka. Wastani ulikuwa umewaficha maskini. Chukua mfano: nyumba tisa zimevuna magunia 2 kila moja, na ya kumi imevuna 32. Wastani ni magunia 5, na hakuna hata nyumba moja iliyovuna 5! Ukigawa chakula cha msaada kwa kuutazama wastani huo, nyumba tisa zitalala njaa.

Kwa hiyo, msomaji, utakaposikia namba redioni au katika baraza la chifu, uliza mambo matatu. Zimekusanywa kwa muda gani? Ni jambo gani halikuhesabiwa? Na nyuma ya wastani, ni nani anayeumia? Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyauliza. Mwaka 1938 swali la namna hiyo lilihusu ng'ombe wa watu. Leo linaweza kuhusu karo ya mwanao, dawa za zahanati au maji ya mtaani kwako.

Basi mrudishie mtoto daftari lake, na umketie karibu.