Daraja Lisiloshikwa na Gundi

Gitaa la umeme lenye tumbo wazi na uso uliobinuka kama gamba la kobe likifika mezani kwangu hapa Busia, mimi huanza kwa kutazama miguu ya daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi. Mara nyingi nakuta gundi. Mtu alifungua nyuzi zote kwa mkupuo mmoja, daraja likaanguka, akadhani limeng'oka, akalibandika. Nia ilikuwa njema, lakini gitaa limezibwa mdomo.

Gitaa la kawaida lenye tundu moja la duara lina daraja lililobandikwa, maana nyuzi zimefungwa hapo hapo na zinalivuta. Hili lenye uso uliobinuka limejengwa kwa mpango wa fidla. Nyuzi hupita tu juu ya daraja, kisha hushikwa na chuma kilichofungwa mkiani. Zote sita huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, na kwa kuwa zinapinda zikivuka daraja, sehemu ya nguvu hiyo huligandamiza usoni. Mgandamizo huo ndio gundi yake. Orville Gibson wa Kalamazoo, Marekani, alipewa hataza ya ala zilizochongwa namna hii mwaka 1898. Matundu mawili yenye umbo la herufi f yalikuja na gitaa la Gibson L-5 la mwaka 1922.

Daraja likiwa huru, lazima lipate mahali pake. Piga uzi kwa kuugusa kidogo tu juu ya freti ya 12, usikie mlio wa kengele. Kisha ubane hapo hapo, upige tena. Sauti ya pili ikiwa juu, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lirudishe kuelekea shingoni. Upande wa besi utakaa nyuma kidogo kuliko ule wa nyuzi nyembamba, kwa hiyo daraja lililolala mshazari si kasoro. Miguu yake nayo ikae sawasawa na mbinuko: natandaza msasa usoni, makali juu, nalisugua daraja juu yake hadi mwanga usipenye. Kazi hiyo hunichukua asubuhi nzima, na ndiyo inayobadilisha sauti kuliko nyingine yoyote.

Upande wa umeme nao unataka uvumilivu wake. Kinasa sauti ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Ndiyo maana mshipi wa kuvulia samaki hautoi kitu hapa, ilhali uzi uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli utalia, ingawa unakwangua freti vibaya. (Mpakani petu, nyumbani kwa boda boda, waya wa breki haujawahi kuwa adimu.) Gitaa nyingi za aina hii hazina mlango nyuma. Swichi ya sauti ikifa, huingizwa mpya kupitia tundu la f: naichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki kilichopitishwa kutoka nje, kisha naivuta polepole hadi ichungulie kwenye tundu lake.

Adui mkubwa ni joto. Madereva wanaosubiri foleni ya malori mpakani Malaba wanaijua kebini ya saa nane mchana. Gundi ya ngozi iliyotumika katika gitaa za zamani hulegea humo, na mbao za ndani zikaachia. Gonga uso kwa kifundo cha kidole: ukisikia mtetemo wa kukwaruza, kuna ubao ulioachia. Tafadhali usimwagie gundi nyeupe ya seremala. Gundi ya ngozi hufunguka kwa joto na unyevu, ikarudishwa upya. Ile nyeupe huziba njia kwa fundi atakayekuja baadaye.

Kwa nini tuhangaike? Sikiliza omutibo, ule upigaji wa Waluhya ambao George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliupa sifa. Dole gumba hutembeza besi, kidole cha shahada hujibu juu, na mwanamuziki mwenzake hugonga chupa ya Fanta. Mukabi na wenzake walipiga gitaa za kawaida, zisizo na umeme. Lakini uso uliobinuka hutoa sauti inayoruka upesi na kukatika upesi, kila noti imesimama peke yake, na mimi sijasikia gitaa la umeme linaloufaa zaidi mtindo huo. Gitaa bapa la mbao nzito huivuta noti hadi imkanyage jirani yake.

Kwa hiyo ukibadilisha nyuzi, toa mmoja, funga mmoja, ndipo uende kwa unaofuata. Na kabla ya yote, weka alama ndogo ya penseli pembeni mwa kila mguu wa daraja.