Pima Ng'ombe Kwanza, Ndipo Upime Dawa

Ng'ombe wa maziwa ni mali kubwa katika shamba la skimu. Maziwa yake ndiyo yalipayo karo ya watoto na deni la dukani. Lakini wako ng'ombe wengi wanaopewa dawa nzuri na bado hawaponi, na wengine hudhurika kwa dawa yenyewe. Mara nyingi kosa si la dawa. Kosa ni la kipimo.

Mkulima husimama zizini, akamtazama ng'ombe na kusema, "Huyu ni wa kilo 200." Kisha hutia dawa katika chupa ya soda kwa kukisia. Dawa ikipungua, minyoo wenye nguvu hubaki hai na kuzaa wengine wasiosikia dawa hiyo. Ikizidi, yaweza kuwa sumu. Basi, mkulima, fuata hatua hizi nne.

1. PIMA UZITO

Kama huna mizani, tumia futikamba ya fundi wa nguo. Ng'ombe asimame sawasawa mahali tambarare. Zungusha futikamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Huo ndio mzingo. Kisha pima urefu, tangu ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa kalio. Futikamba isipofika, tumia kamba, halafu upime kamba hiyo.

Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Ukipima kwa sentimita, jibu ni kilo.

Tuseme mzingo ni sentimita 150 na urefu 130. Basi 150 × 150 × 130 ni 2,925,000. Gawanya kwa 10,840, utapata kilo 270 hivi. Yule aliyekisia kilo 200 angalimpunja ng'ombe wake zaidi ya robo ya dawa. Ndama mwenye mzingo wa 90 na urefu wa 80 ana kilo 60 hivi. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini yashinda jicho.

2. SOMA KARATASI YA CHUPA

Dawa ya minyoo iitwayo albendazoli huuzwa kwa nguvu mbalimbali. Yenye asilimia 2.5 ina miligramu 25 za dawa katika kila mililita. Yenye asilimia 10 ina miligramu 100. Ukitoa ya pili kwa kipimo cha ya kwanza, umempa ng'ombe mara nne! Tena, ng'ombe aliye katika mwezi mmoja na nusu wa kwanza wa mimba asipewe albendazoli.

3. PIGA HESABU

Tuseme karatasi yasema miligramu 7.5 kwa kila kilo. Ng'ombe wetu wa kilo 270 ahitaji 270 × 7.5, yaani miligramu 2,025. Kwa chupa ya asilimia 10, hiyo ni mililita 20 hivi. Kwa chupa ya asilimia 2.5, ni mililita 81.

Angalia sana nukta, maana 2.5 si 25. Mpe mtoto aliye shuleni apige hesabu hiyo tena bila kuona jibu lako. Majibu yasipolingana, usitoe dawa.

Kwa ndigana kali, mwite daktari wa mifugo mapema. Buparvakwoni ya asilimia 5 hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 20. Ndama wetu apata mililita 3, na mama yake 13.5. Waona jinsi ilivyo hatari kuwapa kipimo kimoja.

4. TUMIA CHOMBO CHA KUPIMIA

Vijiko vya nyumbani havilingani, wala vifuniko vya chupa. Tumia bomba la sindano au kikombe chenye alama za mililita. Unapomnywesha ng'ombe, usimwinue kichwa juu mno, dawa isije ikaingia mapafuni.

Dawa ya kupe nayo yataka kipimo. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji. Basi pampu ya lita 20 yataka mililita 40. Ukiongeza maji ili dawa itoshe ng'ombe wengi, kupe hawafi, na ndigana kali yaingia zizini.

ANDIKA DAFTARINI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina la ng'ombe, uzito wake, dawa, kipimo na tarehe. Mtu mwingine wa nyumbani akisoma, hatamnywesha mara ya pili. Andika pia siku ambazo maziwa hayafai kuuzwa wala kunywewa, kama karatasi ya chupa isemavyo. Maziwa yenye dawa yakichanganywa na ya jirani, hasara ni ya wote.

Futikamba, kalamu na daftari ni vitu vya bei ndogo. Ng'ombe si wa bei ndogo.