Dawa za akili: nani atazifuatilia karibu na kwenu?

Bandugu na badada, leo sitaongea mihogo wala mbolea. Wengi wetu tuko na mtu ku nyumba anayekunywa dawa za akili: kaka, mama mdogo, pengine sisi wenyewe, ila hatusemake. Mtu anatoka hospitali na ordonansi ya mwezi moja. Mwezi inaisha, na hapo ndipo shida inaanzaka.

Hii mambo niliijua juu ya mdogo wangu. Alitunzwa Bukavu, akapata nafuu, kisha mimi nikapata kazi ya kilimo katika vijiji na yeye akanifuata. Wakati wa mvua, kutoka huku mpaka mjini ni siku nzima. Nani angemfuatilia?

Wenye kuwa ku miji mikubwa wako na bahati. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo Joseph Guislain, zote tatu za Bafrere wa Upendo. Kinshasa kuna CNPP ya Mont-Amba. Fasi kama hizo ndiko ugonjwa unachunguzwa na dawa inachaguliwa. Lakini kuchagua dawa ni kazi moja, kuifuatilia kila mwezi ni kazi ingine, na hii ya pili haiombi daktari wa akili kila mara. Tangu 2008 OMS iko na programu inaitwa mhGAP, ya kufundisha madaktari wa kawaida na wauguzi kutunza magonjwa ya akili na kifafa.

Kwa hiyo usiulize "daktari wa akili iko wapi?" Watakujibu hakuna, na utarudi nyumbani. Uende ku biro santrali ya zoni ya afya, uulize: santre gani iko na muuguzi aliyefundishwa afya ya akili? Dawa yetu inapatikana kila mwezi, ao mara moja moja? Hili swali la pili ndilo kubwa. Kwetu santre ya karibu ilikuwa na muuguzi mwenye cheti, lakini kabati ya dawa ilikuwa tupu miezi mbili mfululizo. Tulichagua ile ya mbali, masaa mbili kwa mguu, juu kule dawa haikatikake.

Mbele ya kutoka hospitali, omba karatasi: jina la ugonjwa, jina la dawa yenyewe (sio la boiti, boiti zinabadilikaka), miligramu ngapi, saa gani, na kama ni sindano ya muda mrefu kama flufenazini, tarehe ya mwisho aliyopigwa. Sisi wa agronomi tunamujua mkulima anayekuja na kusema "nilipuliza ile poda nyeupe". Muuguzi naye hawezi kufanya kitu na "kile kidonge kidogo".

Sasa jambo linalofukuza watu ku dawa. Haloperidoli inaweza kukaza shingo, kupindisha ulimi, kuvuta macho juu, zaidi siku za kwanza. Kwetu jamaa wanasema palepale: pepo, ao karuho. Mgonjwa anapelekwa chumba cha maombi, dawa inatupwa. Kumbe ni dawa yenyewe inayofanya vile, na kuna dawa ya kulegeza, kama triheksifenidili. Kimbia santre siku ileile, maana ikishika koo ni hatari. Mimi ni mtu wa kuomba pia, lakini sala haijakataza mtu kumeza kidonge.

Wengine wanaacha juu wamejisikia wazima. Kama mtu anakunywa karbamazepini, fenobarbitali ao diazepamu kwa muda mrefu, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Dawa za huzuni nzito, kama amitriptilini, zinaomba wiki 2 mpaka 4, pengine zaidi, mbele ya kusaidia. Usiseme siku ya tano kwamba hazifanyi kitu. Badada, valproati inaweza kuharibu mtoto tumboni, na karbamazepini inapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi: muuguzi asipowauliza, muongee ninyi. Na kama ni litiumu, uliza kwanza laboratwari ya kupima damu iko wapi. Pasipo laboratwari, ongea na daktari mbele ya kuhama.

Dawa za ku meza za soko, hapana. Jua linazipiga kutwa nzima, na tarehe yao mara ingine imefutwa.

Kitu cha mwisho ni njia. Huku kwetu njia inaweza kufungwa asubuhi moja bila kuambiwa. Tuliongea na muuguzi atupatie kila mara wiki mbili zaidi; anaziandika ku karne, na mimi ndiye ninazichunga ndani ya sanduku lenye kufuli. Mdogo wangu anameza yake jioni, kisha kula, na anaweka alama ku kalendari mwenyewe.